Mkutano Uliopita Mlango kwa Mlango

Kilichoniondoa Chumbageni, Tanga mjini, ni simu ya shangazi Mwanaidi, anayekaa kule upande wa Moa. Alilia mpaka simu yangu mimi ikalowa. Arobaini ya mumewe imefika, na kipindupindu nacho kimeingia kijijini. Wilaya imekataza kukusanyika na kula pamoja. "Mume wangu asisomewe, mwanangu?"

Asubuhi nikapanda gari la Horohoro, njia panda nikachukua bodaboda. Yale mashimo, jamani! Moja tuliingia vijana, tukatoka na mvi.

Kufika, nikanawishwa maji ya dawa, nikasimama mlangoni. Shangazi yumo edani, nyuma ya pazia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekonda! Mjini hamli?"

Mimi huyu, ambaye mizani iliniomba nishuke!

Mara wakaja mtendaji wa kijiji na bwana afya wa wilaya. Mzee Hamisi, jirani wa mbele, akawapokea na manung'uniko: "Amri tutafuata, lakini mbona hatukuulizwa?"

"Niwaulizeje, mzee, na mkutano marufuku?" akasema bwana afya. "Hata mimi nimeletewa kutoka juu."

Shangazi akasema palepale nyuma ya pazia: "Kila mtu akae barazani kwake, neno lipite mlango kwa mlango. Mpwa wangu atalibeba."

Mzee Hamisi akacheka hadi kofia ikamdondoka. "Huyu? Umpe neno moja, lifike kumi!"

"Leo hatii chumvi," akasema shangazi.

Na sikutia. Nikapita kila nyumba, mtendaji na bwana afya nyuma yangu wakisikiliza. Mmoja anataka sinia kama kawaida, mwingine anasema arobaini iachwe kabisa, mkewe anamkatalia. Nikarudi kwa wa kwanza na maneno ya wa mwisho, mpaka visigino vyangu vikatoa moshi. Mama Yohana, Mlutheri aliyehamia kutoka Lushoto, akasema: "Yasini hatuisomi. Ila marehemu alibeba jeneza la mwanetu. Kuni za kuchemshia maji zitatoka kwangu."

Adhuhuri neno likawa moja: kila mtu asome kwake, kila nyumba ipike chungu chake, sinia hakuna.

Bwana afya akapiga simu wilayani. Vidole vya shangazi vimelishika pazia, havitikisiki.

"Wamekubali," akasema bwana afya. "Ila maji ya kunywa yachemshwe, hilo halina mjadala."

"Tulishakubaliana, baba!" Mama Yohana akamjibu toka ng'ambo ya njia.

Baada ya alasiri Yasini ikaanza, baraza hadi baraza. Shangazi akanong'ona: "Unamsikia Hamisi? Anakosea palepale anapokosea miaka yote." Akacheka, machozi yanamtoka.

Kesho yake nikarudi mjini. Nilichojifunza ni kwamba mtu hakatai kuokolewa, anataka tu aulizwe. Mkutano mwingine wowote shangazi asingefika, yumo edani. Ule ulimfuata mwenyewe, ukamsubiri amalize kusema.