Bega la Kulia

"Macho yake yako wapi?" Hajjati Inshirahi alikuwa anauliza kwa mara ya nne. "Nimeomba mume wangu, nimeletewa kofia na masharubu."

Wagdi alikuwa juu ya ngazi, misumari mdomoni. Akaitoa, akamweleza mama yake tena kwamba picha za siku hizi ndivyo zilivyo: mistari michache, kilichobaki anayetazama anakijaza mwenyewe. Mistari sita tu, na kila mmoja aliurudia mpaka akauamini.

"Fremu ina kazi kuliko mtu," mama akasema.

Hapo hakukosea. Fremu aliichonga marehemu baba yake mwenyewe, maua matupu, yote dhahabu, kama viti vya sebule ile na kama kila sebule ya fundi wa samani katika mji wa Dumyat. Katikati yake hiyo picha nyeupe ilikaa kama mtu aliyekosea harusi. Utepe mweusi ulishafungwa pembeni. Leo ilikuwa arobaini, na watu wangefika baada ya alasiri.

Wagdi hakuwa anabishana bure. Ana miaka thelathini na tisa, na tangu ana kumi na minne kazi yake kubandika dhahabu kwenye viti vya baba yake. Baba alimtoa shule akisema mikono ya huyu ina akili kuliko kichwa chake. Baba alipokufa, Wagdi akasema karakana haitaki. Iskandaria kuna rafiki yake anachora, kamwekea nafasi. Mama akampa sharti moja. Achore kitu ambacho yeye atakitundika sebuleni mbele ya watu bila aibu. Akiweza, funguo za karakana apewe Ami Tharwati, mdogo wa baba yake. Akishindwa, akae, na habari za rangi zisisikike tena.

Hajjati akasogea karibu. Kidole chake kikafuata mstari wa bega la kulia, lililoshuka kuliko la kushoto.

"Bega hili lake," akasema polepole. "Haya. Tundika."

Wagdi akapiga msumari. Kichwani alishapanda gari la Iskandaria, ameshapata na siti ya dirishani.

Akaingia Ami Tharwati, kaja mapema kupanga viti. Akapewa kahawa chungu ya msiba. Akaitazama picha, akamtazama Wagdi, akarudi kwenye picha.

"We mtoto wa kaka, umerogwa? Mtu anajifunga utepe wa msiba yuko hai?"

Wagdi akacheka, akamwambia huyo ni baba.

"Baba gani? Kajitazame kwenye kioo."

Jirani yao Mama Nashwa, aliyeleta mikate, akachungulia mlangoni, akaomba kinga kwa Mungu, kisha akauliza nani anamtakia Wagdi kifo.

Wagdi akajitazama kwenye kioo cha kabati la vyombo. Kofia ileile, masharubu yaleyale. Bega la kulia limeshuka. Miaka ishirini na tano ya kuinamia migongo ya viti, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Alipogeuka, mama alishaung'oa utepe.

"Simfungii mwanangu utepe wa maiti," alisema, na sauti haikuwa ya ugomvi tena. "Mtie macho ya baba yako au tuitoe. Watu wanakuja."

Wagdi akachukua brashi. Macho hayakumchukua muda. Aliyajua, yalikuwa mgongoni kwake tangu utotoni yakimsimamia kazi. La kushoto dogo kidogo, limefinyika kwa vumbi la mbao. Alipoinua brashi yalikuwa yameshaanza kumtazama.

Mama akalia, akasema sasa ndiye. Utepe ukarudi. Makubaliano hakuyataja, na Wagdi naye hakuyataja. Picha yake mwenyewe, ile isiyo na macho, haikuwepo tena. Hii iliyotundikwa ilikuwa kazi ya kuagizwa na mteja, kama viti.

Ami Tharwati akakohoa. Akasema vile viti kumi na viwili vya bibi harusi vinachukuliwa kesho, na sita migongo yake bado miti mitupu. Msomaji wa Kurani hafiki kabla ya saa nzima kupita.

Wagdi akamalizia kahawa amesimama. Akachukua funguo za karakana msumarini, akashuka ngazi kwenda kubandika dhahabu.