Nyumba Niliyoiruka

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiifikiria uso unaniwaka. Nilikuwa na mwaka wa pili tu tangu niolewe hapa kijijini Yakobi, wakanichagua katibu wa jumuiya yetu ya kanisa. Basi, kichwa kikanivimba! Mimi ndiye niliyepanga sala za nyumba kwa nyumba.

Alhamisi hiyo jioni zamu ikafika kwa Mama Upendo. Binti yake, Upendo, alikuwa na miaka tisa, na maradhi ya akili yaliyomjaza hofu. Akiona watu wengi alipiga kelele na kujificha uvunguni. Nikajisemea, maskini, tusimwaibishe mama wa watu. Nikawapeleka wenzangu nyumba inayofuata, na yeye sikumwambia kitu. Tena nikajisifu kwamba nina huruma.

Kesho yake asubuhi nikapita kwake kuazima ungo. Lo! Mabenchi yamepangwa, vikombe vimefunikwa kitambaa, sufuria ya viazi imejaa na imepoa. Upendo bado amevaa gauni la kanisani.

"Nilidhani mvua imewazuia," mama yake akasema.

Mvua gani, mwanangu? Haikunyesha hata tone.

Nikamkimbilia mama mkwe, nikitumaini atanitetea. Thubutu!

"Alitaka kutuomba mtu wa kumsindikiza kliniki mjini leo," akasema. "Peke yake hamwezi mtoto ndani ya gari, na dawa zimeisha. Nenda ukamwombe radhi."

Nilienda, nikalia pale mlangoni. Mama Upendo hakunigombeza. Alinipa mfuko wa nguo za mtoto, akasema, "Twende, tutachelewa." Ndani ya gari Upendo alipiga kelele, akaning'ata mkono, abiria wakatugeukia. Nikamshikilia. Nilipotazama pembeni, mama yake amesinzia. Kumbe alikuwa hajalala siku tatu.

Mwanangu, huko Makambako ulikopanga, ukipata jirani mwenye mtoto wa namna hiyo, usimwamulie mambo kimyakimya. Mwulize anahitaji nini. Kaa na mtoto, mama aoge, ale, alale kidogo. Siku ya kliniki ongozana nao. Na mkialikwa kwake, nendeni. Mtoto akipiga kelele, sala itasubiri.

Mungu akupe moyo wa kubisha hodi, na siku utakapolemewa wewe, usikose mtu wa kukuambia, "Lala, nimemshika."