Kapiteni wa Ukunguni

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya maziwa mabichi, hata leo, inanifanya nitafute pa kukaa upesi kabla nafasi hazijaisha. Ndivyo kilivyonukia chumba cha video cha Papa Kambale pale Mushaki, katika miaka ya vita. Papa Kambale alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Butembo. Mbele ya nyumba yake aliuza chumvi, sabuni na betri. Nyuma, kwenye chumba ambamo madebe ya maziwa yalingoja lori, alipanga mabenchi sita na televisheni moja. Jumapili, misa ikiisha tu, hakuna aliyetuona tena nyumbani. Tulikimbia na nguo zetu za kanisani, ukungu wa milimani umetulowesha nywele, tukasukumana mlangoni hadi jenereta ikohoe mara tatu na kuwaka. Halafu, jamani, zile rangi! Anga la zambarau, macho makubwa kama sahani, nywele za buluu zinazopepea hata ndani ya nyumba isiyo na upepo. Katuni za Wajapani! Nilikuwa na miaka tisa, na sikuwa nimewahi kuona kitu kizuri kama kile.

Katuni zilisema Kifaransa, na Kifaransa cha wengi wetu kiliishia kwenye salamu. Kwa hiyo pembeni ya televisheni alisimama dada Riziki, binti wa shangazi yangu, aliyekimbia kutoka Kibua, huko Walikale, akaja kuishi kwetu. Yeye alikuwa amefika sekondari. Alimwonyesha kwa kijiti kila anayesema, kisha akatafsiri kwa sauti ya mwenyewe: ya mzee, ya mtoto, hata ya farasi. Hadithi ilihusu mji mmoja wa mlimani uliozingirwa na maadui, wenye watetezi wakuu wawili. Wa kwanza alikuwa kijana wa upanga, ambaye wavulana wote walimpenda. Mimi nilimdharau, na bado namdharau. Mtu gani anataja kwa kelele jina la pigo lake kabla ya kulipiga? Si anamwambia adui pa kujikinga? Tena akiruka, anabaki hewani muda mzima akiwaza habari za marehemu mwalimu wake, na adui, mwenye adabu zake, anamngoja amalize! Shujaa wangu alikuwa Kapiteni, mwanamke wa nywele za buluu, ambaye hakupiga kelele hata siku moja. Yeye alitazama ramani. Kabla ya kila vita alihamisha wazee na watoto, kisha chakula, ndipo akauliza adui yuko wapi. Sisi tuliokwisha kuhama nyumba mara tatu tulijua kabisa nani kati ya hao wawili ana akili.

Katika diski ya nne Kapiteni alianguka darajani. Mganga aliinama juu yake, akasema neno fupi, akamfunika uso kwa kitambaa. Kijiti cha Riziki kilibaki hewani. Kisha akasema, "Amelala. Wanamupeleka fasi ingine, apone." Na kweli, kuanzia diski ya tano tulimwona tena, akitabasamu, akimfundisha kijana wa upanga kusoma ramani, ila rangi zake zilikuwa zimefifia na pembeni kote kulikuwa kweupe. Riziki alitueleza kwamba huko aliko kuna ukungu mwingi, na ndiko anakotuma maneno yake. Nani angebisha? Kwetu Mushaki, asubuhi, mtu akienda hatua ishirini tu anageuka mweupe hivyo hivyo, na hajafa. Nami nilikuwa na sababu yangu ya kutobisha. Baba yangu alikuwa amepeleka maharage Walikale ili arudi na mawese, na barabara ikafungwa nyuma yake. Miezi minane ilikuwa imepita bila neno lolote. Nyumbani hakuna aliyethubutu kusema alichokuwa akiwaza. Mimi nilipatana na moyo wangu kimyakimya: kama Kapiteni yu hai kwenye ukungu wake, basi na Papa yangu yu hai kwenye wake.

Basi tukatengeneza mchezo. Tulipasua katoni ya sabuni, tukachora kwa makaa miraba, mto, daraja na mji. Askari walikuwa punje za mahindi, raia vijiwe, kijana wa upanga kifuniko cha soda, na Kapiteni wa kila upande harage kubwa la madoadoa. Nimecheza michezo mingi ya mkakati tangu siku hizo, ya kwenye simu na ya kwenye kompyuta, iliyotokana na katuni hizi hizi, na ninasema bila aibu kwamba wetu uliishinda yote! Mingi ni mbio za kubomoa tu: mwenye askari wengi anasonga mbele, kwisha. Sisi hatukushinda kwa kuua. Ulishinda kwa kuwavusha raia wako wote daraja, na kurudi nyuma kwa mpango kulikuwa na pointi. Tena aliyepigwa hakutupwa. Tulimweka kwenye kipande cha plastiki nyeupe kando ya katoni, tukapaita Ukunguni, na kama Kapiteni wako yuko huko, aliweza kukupa shauri mara moja: ulirudisha hatua moja uliyoikosea. Lo, sheria ile! Ilitufanya tukune vichwa mpaka tukaitwa kula mara nne.

Mpinzani wangu mkubwa alikuwa Muhindo, mtoto wa Papa Kambale. Alikuwa amesoma Butembo. Kifaransa chake kilikuwa kizuri na domo lake lilikuwa refu. Alasiri moja tulicheza kumpata bingwa, watoto wamejaa kutuzunguka, kila mmoja mshauri. Kapiteni wangu alikuwa tayari Ukunguni, raia wawili walikuwa bado ng'ambo, nami kwa haraka zangu nikasogeza askari pasipostahili. Nikagusa plastiki nyeupe ili nirudishe hatua. Muhindo akapiga kofi juu ya katoni.

"Hapana! Kapiteni alishakufa! Muganga alisema elle est morte, nilisikia na masikio yangu. Muntu mwenye alikufa hawezi kukupa shauri!"

Ubingwa ulinitoka kichwani palepale. Nilichokisikia ni mtu anasema kwa sauti, mbele ya wote, kwamba baba yangu amekufa. Nikamrukia. Walitutenganisha wakatuburuta hadi kwa Riziki, aliyekuwa akisuuza madebe, wakamtaka aamue: Kapiteni ni mzima au amekufa? Riziki aliniangalia, mikono yake ikidondosha maji. Kisha akamshika Muhindo begani, akaenda naye nyuma ya ukuta. Hawakukaa sana huko. Muhindo aliporudi alichuchumaa mbele ya katoni bila kunitazama, akasema, "Rudisha hatua yako. Kapiteni iko muzima." Nikairudisha, nikavusha raia wangu wote wawili, nikashinda! Nilijigamba wiki nzima, mpaka mama akaniomba nipumzike.

Mwaka jana binti yangu, shabiki kuliko mimi, aliikuta katuni ile kwenye simu. Nilipoona zile nywele za buluu nilipiga ukelele hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Tulitazama pamoja, roho yangu juu, hadi darajani. Mganga akasema neno lake fupi, na safari hii nililielewa. Elle est morte. Kisha zikaja zile rangi zilizofifia, na binti yangu akanieleza kwa upole, "Hapo wanamukumbuka tu, Mama." Nilijua. Nimeona rangi kama hizo katika katuni mia, na maana yake naijua, lakini sikuwahi kurudi kumpima Kapiteni kwa kipimo hicho.

Nikampigia Riziki, ambaye siku hizi yuko tena Kibua, analima. "Dada, ulitudanganya!" Alicheka sana, kisha akatulia. "Siku ile hamukuniuliza juu ya Kapiteni," akasema. "Nilikuangalia, nikaona unaniuliza juu ya papa yako. Sasa mi ningejibu nini?" Nikamuuliza alimwambia nini Muhindo nyuma ya ukuta. "Nilimwambia papa ya huyu hajarudi. Ni hiyo tu. Akaelewa."

Papa hakurudi. Miaka miwili baada ya mchezo ule alikuja mtu kutoka Walikale na koti la Papa, akatuambia walikomzika, na kwamba alifariki mwezi uleule barabara ilipofungwa. Katika mchezo wa binti yangu wa kwenye simu, askari aliyepigwa anayeyuka kwa mwanga mdogo, pointi zinapanda, muziki unalia. Ni mizuri mno michoro ya leo, nakubali, na naishangilia kuliko yeye. Lakini kwa uongo wa Riziki, na kwa sababu mtoto mmoja mwenye domo refu alikubali kushindwa na kunyamaza, mimi nilikuwa na baba mpaka nikafika miaka kumi na moja.