Priampu Mbili na Mbuzi ya Nazi

Jumamosi, saa kumi kasorobo alasiri, hapa Mpendae. Naandika na saa kwa sababu ndipo Bibi aliponiita, na yaliyofuata sitaki kuyasahau.

"Rukia!"

"Abee, Bibi."

"Kinachovuma humo chumbani mwako ni nini? Umefuga nyuki?"

Nilikuwa na priampu mbili kitandani. Priampu ni kisanduku kinachokaa baina ya maiki na kompyuta, kinaikuza sauti ya maiki ambayo peke yake ni ndogo mno. Hizi ni za valvu, zile balbu za kioo zilizokuwamo ndani ya redio za zamani; watu husema zinaipa sauti joto. Kaka Hamdi kaniletea kutoka kwa rafiki yake mwenye duka Mlandege, nijaribu, nichague moja, nyengine airudishe kesho. Bei zinalingana na zote naziweza, kwa hiyo siwezi kusingizia pesa.

Yote haya kwa ajili ya dada Salma. Anaolewa wiki ijayo, na alitaka nimuimbie siku atakapotolewa nje, mbele ya wanawake wote wa ukoo. Nilikaribia kulia kwa haya. Tukakubaliana nirikodi nyumbani, wimbo upigwe kwenye spika, mie nijifiche jikoni. Lakini kila nikirikodi sauti inatoka nyembamba kama uzi, na nyuma yake mvumo. Nikajiambia tatizo ni kifaa.

Bibi kaingia, kakaa. Ujanani alikuwa mwimbaji wa taarab, ingawa siku hizi huimba akifua tu. Nikamuonyesha niliyoipenda: mpya, ina kidirisha cha kioo, na ukiiwasha tu valvu inang'aa rangi ya chungwa. Nyengine imeshatumika, ya kijivu, imejaa mikwaruzo kama sanduku la fundi viatu.

"Hebu izime, uiwashe tena."

Nikaiwasha. Mwanga ukaja papo hapo. Bibi kacheka.

"Hiyo taa, mwanangu. Valvu haiwaki hivyo, hushika moto polepole kama jiko la mkaa. Wamekutilia kitaa nyuma yake upendezwe. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."

Kisha kaniambia nivae hedfoni, nizifungue sauti moja moja kama ninavyozifungua nikiimba, lakini nisiimbe. Nisikilize kimya chake. Ya kidirisha ilinguruma. Ya kijivu ilikaa kimya, halafu ikaja na pumzi ndogo tu.

"Debe tupu haliachi kuvuma," kasema. "Lakini hata hii, mbona sauti umeizungusha mpaka mwisho?"

Nikaipunguza haraka. Alijua. Akaikunja kanga mapajani, na haya ndiyo maneno yake:

"Mwanangu, iko siku moja ya Kikwajuni haijanitoka mpaka leo. Nilikuwa nimekupita umri kidogo tu, kikundi chetu kimealikwa harusini. Tulikuwa na mashine ya kukuza sauti, ya valvu, nzito, ikishapata moto inanuka vumbi linaloungua. Ah, harufu ile! Ningeiuza kanga yangu mpya niinuse tena. Basi mie nilikuwa na haya, haya hasa, kama zako. Zamu yangu ilipofika nikaimba kama mtu anayemlaza mtoto. Wanawake wameshanyanyuka na pesa mkononi waje kutunza, wanatega masikio, hawasikii. Na mtu, mwanangu, hutunza neno lililomgusa. Sasa neno lenyewe liko wapi? Nikamuashiria mwenye mashine anifungulie sauti. Akafungua. Nikamuashiria tena. Mashine ikapiga mbinja hiyo, watoto wakaziba masikio, bibi mmoja akauliza kwa sauti, 'Nyie, mmetuletea mwimbaji au birika?'

"Kiongozi wetu alikuwa Bi Mize, Mungu amrehemu. Pale hakunambia kitu, maana mtu mzima hamkemei mwana wa watu harusini. Asubuhi kaniita kwake. Kanisimamisha mwanzo wa ua, mwenyewe kaenda zake mwisho kabisa, kakaa juu ya mbuzi anakuna nazi. 'Imba. Maneno yakinifikia, ntaacha kukuna.' Nikaimba. Khra, khra, khra. Nikaimba tena. Anakuna tu! Nilitaka kukimbia. Akanipigia ukelele kule kule aliko: 'Mficha uchi hazai, weye! Unaitaka mashine ikuimbie?' Sijui ilikuwa hasira, sijui kilio, kifua kikafunguka. Mbuzi ikanyamaza. Nimetunzwa sana baadaye, lakini sijatunzwa kama kimya kile."

Akatazama dirishani kidogo, kama Bi Mize yuko nje.

"Basi chukua hii ya kijivu, mwanangu, maana inajua kunyamaza. Iwashe mapema, iache ipate moto; mwenye pupa hadiriki kula tamu. Ifungue kidogo, weye ndiye ujifungue zaidi. Chombo hukuza unachokipa. Ukikipa woga, watu watausikia woga wako mpaka barabarani."

"Majirani watanisikia, Bibi."

"Na wasikie. Mbona sie tunawasikia wakigombana?" Akaniwekea mkono kichwani. "Mungu akupe kifua kipana, akukinge na husda, na akujaalie wajukuu wakuvumie chumbani kama nyuki."

Nikaitikia amin, nacheka na machozi yananitoka.

Jumapili asubuhi. Nimeiwasha ya kijivu, nikaenda kufagia ua, nikarudi imeshapata moto. Nikaifungua nusu tu. Bibi alikuwa keshakaa jikoni na nazi ya wali wa mchana, hakunitazama. Nikabonyeza kurikodi, nikafumba macho. Kwenye ubeti wa kwanza khra, khra inasikika nyuma yangu. Wa pili, nusu yake. Nilipofika kwenye jina la Salma hakuna mbuzi tena, ni mie peke yangu.

Kaka Hamdi alipokuja kuichukua ile ya kidirisha kausikiliza wimbo, kasema anaweza kuifuta hiyo khra, khra ya mwanzoni. Nikamwambia asiiguse. Kisha nikampigia dada Salma, nikamuwekea wimbo, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa sauti ya kubembeleza, "Na siku yenyewe, utajificha?"

Nikamwambia anikalishe karibu na mlango. Lakini ndani, pamoja na watu. Jikoni siendi.