Meli ya Mbao Ndani ya Bafu

Papa alikuwa fundi wa maboti ya mbao Ziwa Tanganyika, upande wetu wa Congo, na Amerika ilimnyang'anya kazi bila hata kumgusa. Tulianzia Louisville, mtaa wa Iroquois, kwa sababu ndiko tulikoandikiwa sisi wakimbizi. Kisha Columbus, kwa sababu ya kiwanda. Kisha Buffalo, East Side, kwa sababu hapa mtu anapata nyumba yenye ngazi zake mwenyewe. Kila tulipohama aliuliza swali moja tu: kuna ziwa? Buffalo nikajibu kwa furaha, liko, tena kubwa. Nikampeleka mwezi wa Januari, mjinga mimi. Alitazama barafu ilivyotanda mpaka macho yanapoishia, akasema, "Hili wamelifunga," akarudi ndani ya gari.

Tangu siku ile akanyamaza. Mwisho wa mwezi akafungua kinywa kuniambia anataka kurudi.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Mimi niko hapa mwaka wa sita. Jembe iko wapi?"

Akaweka juu ya frigo ya jikoni fomu ya kuombea karatasi za safari, niijaze mimi, maana Kiingereza hajui. Kwetu watu bado wanakimbia vita na magodoro kichwani, na yeye anataka kwenda huko kufa karibu na maji. Nikasema nitaijaza Jumapili. Jumapili ikipita, nasema ijayo. Nilikuwa namdanganya baba yangu wiki hata wiki, na yeye alijua, akawa ananitazama tu.

Bon. Kazi yangu ni kuhudumia wazee nyumbani kwao: kuwaogesha, kuwapikia, kusikiliza. Mmoja wao ni mzungu mwenye miaka tisini na kitu, mkali kama mimi, donc tunaelewana. Ujanani alikuwa baharia vitani Korea, kwenye meli ndogo ya kusafisha mabomu yaliyotegwa baharini. Meli ile ilijengwa kwa mbao makusudi, kwa sababu mabomu mengine yalikuwa yakihisi chuma kikipita juu yake, yanalipuka. Alipostaafu alitengeneza mfano wake, urefu wa mkono wangu, ubao mmoja mmoja, kwa misumari midogo ya shaba. Ulikaa miaka mingi juu ya chuma cha kupashia nyumba joto, mbao zikakauka, zikaachana mpaka ukucha unapita katikati.

"Nataka niione majini mara moja," aliniambia, "kabla hamjaniweka mimi kwenye sanduku."

Jioni nilimsimulia Papa, ili tu kelele za sahani zisiwe peke yake. Akaacha kutafuna.

"Amerika, na vyuma vyote hivi, walijenga meli ya vita na mbao?"

Lilikuwa swali lake la kwanza tangu aiweke ile fomu juu ya frigo. Kesho yake nikamwomba mzee meli yake, akanikubalia, nikaifunga kwenye blanketi nikaileta nyumbani. Papa aliizunguka pale mezani. Alipitisha kidole kwenye kila mwanya, na mimi nikaenda kulala nikijisifu.

Siku ya pili yake natoka kazini mchana, binti yangu yuko mlangoni. Akanieleza kwa Kiingereza, kwa utulivu kabisa, kwamba babu amezamisha meli.

Nikakimbia bafuni. Bafu limejaa maji, na chini kabisa imelala meli ya mzee wa watu, mawe mawili ndani yake. Nilimwakia. Nilimwambia baba yangu maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi: kwamba amebaki kuharibu tu, kwamba mzee wa watu ataondoka duniani na kinyongo. Yeye ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya bafu kama mtu anayemuuguza mgonjwa.

"We mutoto," akasema, "umezaliwa pembeni ya ziwa na haujui kitu. Mbao ikikauka inasahau maji. Sasa iko nakunywa. Muiache inywe."

Ndipo nikakumbuka. Kwetu boti lililokaa nchi kavu muda mrefu hulizamisha kwanza, mbao zivimbe zishikane, ndipo walitoe na kulikalafati, kuziba mianya inayobaki. Utotoni niliogelea juu ya maboti yaliyozamishwa hivyo. Nikaona haya mpaka nikakosa pa kutazama. Nikamwomba msamaha, akaniambia nimletee pamba na mafuta ya mawese.

Siku tatu hatukuoga vizuri. Ya nne akaitoa, akaiegemeza kivulini ijichuje. Kisha akafungua mfuko wake uliokuwa umefungwa tayari kwa safari, akatoa patasi yake butu ya kukalafatia, aliyovuka nayo mpaka, akakaa nayo kambini miaka yote. Akasokota pamba nyembamba kama uzi wa kushonea, akaichovya kwenye mawese, akaanza kuishindilia kwenye mianya. Alikuwa anaimba.

Mwezi wa Mei tukampeleka mzee ziwani na kiti chake cha magurudumu, pale wanapotelemshia maboti. Ziwa lilikuwa limefunguliwa. Papa akaingia na viatu, akaiweka meli juu ya maji, akaondoa mkono. Ikakaa wima, kavu ndani. Mzee akalia bila kujificha.

Halafu akaanza kusimulia, nami nikawa natafsiri. Meli yake halisi, baada ya vita, Marekani iliwapa wanamaji wa Japani, ambao kaka yake alipigana nao katika vita vilivyotangulia. Mzee alikasirika mwaka mzima. Kisha rafiki akamletea picha: namba mpya, bendera mpya, deki imesuguliwa kuliko siku zao.

"Kule ilikuwa na kazi," mzee akasema. "Hapa wangeichoma."

Papa alisikiliza mpaka mwisho. "Walifanya vizuri," akasema. Akamwonyesha kwa kidole mlingoti uliolegea na ubao mmoja wa deki uliooza. Mzee akaichukua meli mapajani, akaiangalia, akamrudishia Papa avitengeneze.

Jumapili iliyofuata niliamka nimeamua. Mtu mzima hafungwi kamba. Nikatafuta kalamu, nikaenda jikoni kuijaza ile fomu. Juu ya frigo haikuwepo. Ilikuwa mezani, imetandikwa chini ya meli, imeloa mawese, rangi ya chungwa kutoka mstari wa jina mpaka mahali pa sahihi. Papa alikuwa anachonga mlingoti. Nilisimama pale na kalamu yangu, machozi yakanitoka, wala sikuyafuta.

"Papa, ile karatasi."

"Ni nzuri," akasema, bila kuinua kichwa. "Iko nene. Haipitishe mafuta."