Zamani ya Asubuhi

Kwanza nilisikia fimbo ikigonga bati la mlango, kisha kikohozi, kisha viatu vizito vya polisi wa kampi yetu ya wafanyakazi na mkubwa wake mzungu. Nkambo, mama mzazi wa mama yangu, alikuwa ameshuka kwenye lori la Mitwaba alfajiri ileile. Mfuko wake wa karanga ulikuwa haujafunguliwa. Mama alikuwa katika mwezi wa mwisho wa mimba. Watoto wawili walikwisha kumfia wakizaliwa, na safari hii alitaka mikono ya mama yake.

Mgeni hakutakiwa kulala kampini bila ruhusa. Baba angeiomba jioni, akitoka kazini.

"Weye mama, ulifika hapa siku gani?" mzungu aliuliza.

"Zamani, Bwana," nkambo akajibu, ameinamisha kichwa.

Kwetu neno hilo halina urefu. Maji yakichemka tukiwa tunazungumza, yamechemka zamani. Baba akishapita kona ya mtaa, ametoka zamani. Nkambo alitaka kusema tu: nimefika mapema, sikujificha. Lakini Bwana alikuwa amejifunza lugha yetu kitabuni, na mle zamani ni wakati wa mababu.

"Sikia ye!" polisi akacheka. "Zamani! Pengine alitangulia haya mabati."

"Iko leo, Bwana! Leo asubuhi!" mama alilia. "Shika huu mufuko, ingali na umande!"

"Amesema mwenyewe," Bwana akajibu. "Amekaa hapa siku nyingi bila ruhusa. Atoke."

Shuleni walitufundisha kwamba sisi hatuna zamani. Kabla ya reli palikuwa giza tupu. Siku ile tukapewa zamani, ndefu, yote kwa mpigo, ili imtoe mtu wetu nyumbani. Hata sasa, nikiandika hadithi, neno hilo hunikwama. Naandika kale, naandika hapo awali, nalizunguka kama shimo.

Nkambo aliusukuma mfuko wa karanga chini ya kitanda, akaweka kiganja juu ya tumbo la mama, akakiacha pale mpaka fimbo ikagonga tena.

"Mutoto akikuya," alisema, "mumupe jina yangu."

"Twende, mama wa zamani," polisi akasema.

Akatoka. Polisi akavuta mlango nyuma yake, bati likalia.