Nilivyomkwepa Mama Mkwe Shimoni

Jamani, aibu hii sijawahi kuisimulia nikacheka hadi mwisho, kwa hiyo mtanivumilia. Ilikuwa miaka ile ya kuhamia kijiji cha ujamaa, huku bondeni Kilosa, ghala letu halijaezekwa, mahindi ya kijiji tukayafukia shimoni na kuziba mdomo kwa udongo. Sasa mahindi yaliyozibwa nayo yanapumua (hasa yakiwa na unyevu, na yetu yalikuwa nao), yanamaliza hewa nzuri na kuacha hewa mbaya, haina rangi wala harufu, nzito, haipandi juu, inatuama tu humo chini kama maji kisimani. Ndiyo maana shimo likifunguliwa unateremsha koroboi kwanza, ikizimika, huingii.

Asubuhi ile tulifungua, koroboi ikazimika, wenzetu wakaenda shamba la kijiji, mimi na shemeji yangu Saidi, kaka wa mke wangu, tukabaki kuangalia mbuzi wa watu wasije wakatumbukia. Nilikuwa nimevua nguo zenye tope, nimebaki na kaptula iliyotoboka makalioni, mara namwona mama mkwe anakuja na kikapu chake kutoka Mabwerebwere. Kwetu mama mkwe unampisha njia hata ukiwa umevaa kanzu, sembuse mimi na matobo yangu. Kichaka cha kujificha hakuna, tulishafyeka vyote. Nikajiambia nitabana pumzi kidogo tu, akipita natoka, nikarukia shimoni.

Hakupita.

"Shikamoo mama," nikamsikia Saidi.

"Marahaba baba. Mkwe wangu yuko wapi?"

"Ameenda shamba." (Ananisitiri, maskini.)

"Basi ngoja nipumzishe miguu," akasema, akatua kikapu, akaketi palepale.

Nikabana, nikabana, nikashindwa. Nikavuta pumzi, magoti yakalegea. Mengine nilisimuliwa. Saidi alisikia kishindo, akaruka, akaninyanyua mabegani, na mama mkwe, ambaye hajawahi hata kunishika mkono, akanivuta kwa makwapa mpaka juu, kaptula ikabaki humohumo. Alipogeuka kumpa mwanawe mkono, Saidi alikuwa ameshaanguka. Watu walipofika na kamba, ikawa ya kutolea maiti.

Nilizinduka uchi, nimefunikwa kanga yake, yeye ameinama mdomoni mwa shimo anamwita Saidi. Sijapata kuumia vile maishani mwangu.

Matanga yalipokwisha akaniita, akaniangalia usoni.

"Ungesimama tu, mwanangu. Nimezaa wanaume, nimewaogesha. Ningecheka, yakaisha."

Hakunilaumu zaidi ya hapo, na afadhali angenitukana. Siku hizi akija simpishi njia tena, watu wakisema nimekosa adabu, waseme. Nasimama nilipo, nilivyo, nampa shikamoo yake, naye anaitika.